Mbwa Wangu Anajua Kutembea

Shule niliacha mwaka wa nne wa primaire, lakini kufundisha hakujawahi kunishinda. Mafundi wawili wenye diploma, mimi ndiye niliwafundisha kujenga depo yangu ya mafuta ya mawese. Donc mbwa ilikuwa kazi ndogo.

Alikuwa dume mchanga, furaha nyingi kuliko akili. Tukitoka tu kwenye parcelle, kiwanja cha nyumba yangu, ananivuta kama pirogi ya mtoni yenye moteri. Watu wa toleka, wanaobeba abiria kwa baiskeli, walinipigia kelele: "Papa patron! Mbwa njo inakutembeza, ao wewe njo unaitembeza?" Mutu mwenye depo hajibizani na toleka.

Halafu akaangusha mama muuza chikwange, ile mikate ya muhogo, pamoja na beseni lake. Nililipa zote, nyumbani tulikula chikwange wiki nzima, na chef wa quartier, mkuu wa mtaa, akaja.

"Papa, siku ya Mungu, misa ikiisha, utaileta hii mbwa kwangu kwa miguu. Ikivuta, inaenda kulinda shamba ya ndugu yangu kule Yanonge."

"Iende tu," alisema mama watoto.

Mimi nilimpenda yule mbwa. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Nilimjaribu kwa samaki, kwa kelele, kwa upole. Bure. Ndipo nikashusha ukutani kinga yangu, ile baiskeli ya zamani niliyosukumia mawese kutoka vijijini, kabla sijawa mutu. Nilikuwa nimeapa mbele ya watu kwamba sitaigusa tena. Nikafunga bidoni tatu za maji, nikafunga kamba ya mbwa kwenye kiti, nikaanza kusukuma ndani ya parcelle. Anayesukuma mzigo hatembei ovyo: hatua yake ni moja, na hasimami kusalimia. Mbwa alivuta, bidoni zikakataa. Siku ya tatu alitembea kando ya goti langu kama mukristo anayeenda komunyo.

Jumamosi nikamtoa bila kinga. Alinipeleka mtaroni.

Kwa hiyo Jumapili, na suti yangu na viatu vinavyong'aa, nilitoka nikisukuma bidoni tatu katikati ya avenue.

"Ee patron! Depo imeanguka?" toleka wakapiga kelele.

"Karibu tena kazini, mukubwa!"

Mbwa hakugeuza hata sikio. Mimi niligeuza mawili.

Kwake, chef alituzunguka mara mbili. "Nilisema kwa miguu."

"Niko kwa miguu, chef. Ninasukuma tu."

"Na hii maji?"

"Ni masomo yake."

Mbwa akaketi. Chef akamtazama sana, kisha akanitazama mimi.

"Bon. Ibaki. Lakini bila kinga, usitoke na mbwa."

Sasa kila asubuhi mimi, mwenye depo, napita na kinga mbele ya toleka wote, mbwa kando ya goti, hakuna anayevuta mwenzake. Wananisalimia "collègue", mwenzao wa kazi. Mama watoto ameona kwamba bidoni zinatembea hata hivyo, na ameniomba nizipitishe kwenye robine ya kanisa, nirudi na maji safi ya kupikia.