Mgao wa Nyumba Moja

Plagi ikipata moto kupita kiasi hunuka samaki. Sijui kwa nini, na mafundi niliowauliza kila mmoja ana jibu lake, lakini ni samaki kabisa, yule wa jana aliyesahauliwa kwenye mfuko. Mwezi uliopita nilikuwa saluni, kichwa changu ndani ya draya, nikaisikia harufu hiyo. Wenzangu wakaanza kushutumiana nani kaja na chakula kilichochacha. Mimi nilichomoka na rola zangu kichwani, nikaenda moja kwa moja ukutani kuzima swichi. Wakanitazama kama mwenda wazimu. Ndugu msomaji, mtu aliyelelewa na mama yangu katika fleti ya Sanyuanli, kule China, hawezi kuisikia harufu ile akaendelea kukaa.

Tulihamia Guangzhou miaka ile ya elfu mbili na kitu, wakati kila mwenye duka Kariakoo alikuwa na ndugu aliyekwenda China, au alidai anaye. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wake mama, Zuhura, msichana mrefu mwenye maneno machache na kicheko kingi. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya safari. Mama alinunua vyombo vya nyumbani na kuvituma Dar kwa kontena la kuchangia na wenzake. Tulipanga vyumba viwili ghorofa ya nne, katika jengo lililobanana na la pili lake hata mtu angeweza kuazima chumvi kwa dirisha. Jua halikuingia humo. Saa sita mchana tuliwasha taa. Mwenye nyumba, mama wa Kichina aliyevaa kandambili mwaka mzima, alikuwa amekataza mitungi ya gesi, kwa hiyo kila tulichokula kilipikwa kwa umeme.

Wiki ya kwanza tu, umeme ukakatika. Mama hakushtuka. Alikuwa ametoka Dar ya mgao wa umeme, anajua kazi yake. Akawasha mshumaa, akafunika chakula, akaketi. "Mgao," alisema, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani ugenini. Tukangoja. Kilichonitatiza mimi ni kwamba kupitia dirishani nilikuwa naona televisheni ya jirani inawaka, na mzee mmoja anacheka mbele yake. Nikamwambia mama. Akachungulia, akafikiri kidogo, akasema, "Hao wana jenereta."

Ndipo alipoingia Mama Béa, jirani yetu wa Lubumbashi aliyekuwa akinunua viatu soko la Liuhua, akatukuta tumezunguka mshumaa kama wenye msiba. "Mama Rahma, munafanya nini mu giza?" aliuliza. "Courant iko! Kwangu iko, kwa bote iko!" Yaani umeme upo, kwa wote. Akamwita mwenye nyumba. Yule mama akapanda na kandambili zake, akafungua kijisanduku nyuma ya mlango ambacho tulidhani ni cha kuwekea barua, akainua kidude kimoja kwa kidole. Taa zikawaka. Akatutazama mmoja mmoja, akashuka. Mama Béa alicheka mpaka akashika ukuta.

Mtu mwingine angejifunza hapo. Mama alijifunza kitu kimoja tu, kwamba China mgao upo, ila kila nyumba ina wake. Ile tabia ya Dar hakuiacha. Mliokulia mgao mnaijua: umeme ukirudi, watu hupiga vigelegele, halafu kila mtu anakimbilia lake. Anayepiga pasi apige, anayechemsha achemshe, anayesaga nazi asage, kwa sababu hujui umerudi kwa muda gani. Basi kila mama alipokipandisha kile kidude, alipiga kelele, "Haya, haraka, kabla haujakwenda!" Nasi tunachomeka jagi la kuchemshia maji, pasi, sufuria ya wali, jiko la sahani, vyote kwa pamoja. Na umeme, kwa kweli, ukaenda. Mama akatikisa kichwa. "Si niliwaambia?"

Mama mdogo ndiye aliyeanza kushuku. Yeye ndiye aliyepiga pasi, na aligundua kwamba pasi peke yake haina ugomvi na mtu, ila ikikutana na jagi, giza. Taa hata ziwake zote, hakuna neno. Ni vile vyenye kutia joto ndivyo visivyopatana. Alimweleza mama. Mwenye nyumba naye, siku alipokuta soketi ya jikoni imeyeyuka pembeni, alieleza vilevile kwa mikono na kwa hasira: jagi, likizimwa, kisha pasi, ikizimwa, kisha sufuria. Vyote pamoja, "bu xing!" Yaani haiwezekani. Na akatuonyesha mlango, kwamba ikitokea tena tutoke na mizigo yetu. Mama alimsikiliza kwa adabu zote. Mlango ulipofungwa akageuka. "Kama hataki tuchomeke, matundu yote haya kaweka ya nini?"

Na kwa sababu matundu hayakumtosha, mama alinunua ekstensheni, ile nyembamba ya bei rahisi, akaipitisha sebuleni chini ya mkeka ili watu wasijikwae.

Sasa nifike kwenye posa. Mama mdogo alikuwa amependana na kijana wa Kizanzibari, Khamis, aliyefanya kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo barabara ya pili. Kijana mpole, mfupi kwake kwa nusu kichwa, jambo ambalo wote wawili walikubaliana kutoliona. Kwao Khamis walikuwa hawajaamua. Msichana anayeishi ugenini bila baba wala kaka, wakasema, nani anajua kalelewa vipi? Ndipo ami yake Khamis, Mzee Makame, alipokuja kununua bidhaa, akapewa kazi ya kwenda kututazama. Akiridhika, atatoa posa palepale. Kaka yao mama aliyeko Tanga alikwisha toa idhini kwa simu. Mzee asiporidhika, basi. Alikuwa anaondoka kesho yake. Mama mdogo hakula tangu jana yake, na kile kicheko chake sikukisikia kabisa.

Mama aliamka na mipango ya harusi ya mfalme. Nyama kwenye sufuria ya presha, wali wa biriani kwenye sufuria mbili, kuku kwenye oveni ndogo aliyoitoa kwenye mzigo wa kwenda Dar, jagi la chai, pasi ya gauni la mama mdogo, na kiyoyozi, maana ilikuwa Julai na ukutani kulitoka jasho. Mama mdogo akamsihi, "Dada, kimoja kimoja. Haraka haraka haina baraka." Mama akamjibu bila kugeuka, "Na chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Nenda ndani ukavae."

Mzee Makame alifika saa nane mchana na rafiki yake mmoja wa safari. Alikuwa mzee mnene, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya vito, miwani mikubwa. Akakaribishwa mkekani, akaegemezwa mto, akaanza kuulizia hali ya kila mtu, hadi ya majirani. Mama mdogo, kwa desturi, alikuwa chumbani na hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe. Mimi niliketi karibu na wageni nikiwa nimefundishwa kutabasamu.

Umeme ukakatika salamu hazijaisha. Mama akapita na tabasamu, akakipandisha kidude, akarudi jikoni mbio. Ukakatika tena. Akapita tena, tabasamu limepungua. Mara ya tatu sikumsikia akirudi. Alisimama palepale nyuma ya mlango, na kila kidude kiliposhuka yeye alikipandisha, mpaka akaona heri akizuie kwa kidole gumba kisishuke. Na kile kidude, nadhani kwa kuchoka tu, kikatulia. Taa zikawaka, kiyoyozi kikanguruma, sufuria zote zikaanza kutokota. Mama akaachia kidole taratibu. Uso wake uling'aa kwa ushindi.

Baada ya muda Mzee Makame akainua pua. "Mna samaki leo?"

Samaki hatukuwa naye. Lakini mwenyeji gani wa pwani atamwambia mgeni wa Unguja kwamba samaki aliyemtamani hayupo? "Yupo, mzee wangu," mama alijibu kutoka jikoni, sauti imejaa ukarimu. "Wa kupaka!" Mzee Makame akamgeukia rafiki yake na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikaona posa imekwisha pita.

Kisha akaanza kujisogeza. Akakaa ubavu wa kulia, akakaa wa kushoto. Akapapasa mkeka. "Sakafu za huku," alimwambia rafiki yake kwa upole, "zina moto."

Mlango wa chumbani ukafunguka kwa kishindo. Mama mdogo alitoka kama alivyokuwa: gauni limenyooshwa upande mmoja, upande wa pili makunyanzi matupu, khanga kichwani imekaa vibaya. Hakusalimu. "Ami, inuka!" alipiga kelele, na kabla mzee hajajua ni yeye anayeitwa, alishikwa mkono, akanyanyuliwa pamoja na mto wake. Moshi mwembamba ukatoka mahali alipokuwa amekaa. Mama alikuja mbio na ndoo ya maji. Mama mdogo akamzuia kwa kifua. "Si maji! Maji na umeme, dada, unataka tufe sote?" Akaruka hadi mlangoni, akashusha vidude vyote, giza likatukumba, ndipo akachomoa ekstensheni ukutani na kuufunua mkeka. Waya ulikuwa umeyeyuka na kushika sakafu. Kwenye mkeka palikuwa na alama nyeusi, na nyuma ya kanzu ya Mzee Makame palikuwa na nyingine ya saizi ileile.

Mama alikuwa amesimama na ndoo yake gizani, na najua alichokuwa akikiwaza. Mposwa ametoka bila kuitwa, amemfokea mkwe, amemvuta mkono. Tena kamwita ami, na posa haijatolewa.

Mama mdogo keshaanza, hawezi kurudi. Akachomoa kila kitu nyumba nzima, akapandisha vidude, akasema, "Kiyoyozi kitapumzika, tutapepewa. Nyama kwanza. Ikiiva, wali. Chai mwisho." Akaninyooshea upepeo nimpepee mzee. Halafu akakumbuka alipo, akajifunika uso kwa khanga na kukimbilia chumbani, na huko tukamsikia analia.

Mzee Makame aliigeuza kanzu yake mbele, akalitazama lile doa. Akavua miwani, akaifuta. "Bibi," alimwambia mama, "mwiteni huyo mtoto aache kulia. Kwetu walikuwa wakiuliza kalelewa vipi. Wallahi nitawaambia, asingekuwa yeye ningerudi Unguja nimechomwa kama mshikaki." Akarudisha miwani usoni. "Na huyo samaki?"

Mama akaangua kicheko, na kicheko kikamgeuka kilio, akakiri mbele ya wageni kwamba samaki ni plagi. Tulikula vipande vipande alasiri nzima, nyama kwanza, wali baadaye, na chai ilipofika mzee alikuwa keshalala mara moja na kuamka. Posa ilitolewa kati ya nyama na wali. Mwenye nyumba alipanda kwa harufu, akaikuta ekstensheni mezani na mama mdogo akimwonyesha kidole kimoja: kimoja kimoja, ameelewa. Akaichukua ile takataka akashuka nayo, na hakutufukuza.

Wageni walipoondoka, dada hao wawili walikuwa jikoni wakiosha vyombo. Mama mdogo akasema, bila ukali, "Dada, umeme wa huku haukatiki wenyewe. Unaukata wewe kwa haraka zako." Mama akaanza kusugua sufuria. Kisha akasema, "Shemeji yako alitoka asubuhi ile ya mwisho akaniambia tusipike sasa, tutapika jioni, muda tunao." Akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. Nilijua anamsema baba, nikaona mama kahamisha mazungumzo, maana sisi tulikuwa tunazungumzia pasi na majagi. Nilikuwa mtu mzima, na mume wangu mwenyewe kalazwa hospitali, nilipoelewa kwamba hakuhamisha kitu. Alikuwa anatueleza kwa nini hangeweza kungoja hata wali uive.

Mama sasa yuko kwangu. Nyumba yangu ina nyaya nene na fundi wa maana aliyeiwekea laini zake, lakini jikoni bado nimeweka sheria ya kimoja kimoja, na yeye anaitii kwa taabu. Juzi nilipika wali, naye akataka chai. Nikamwambia angoje kidogo. Akasema sawa, akavuta kiti, akakaa karibu na soketi, plagi ya jagi mkononi, akiutazama ule wali kama mtu anayetazama basi litaondoka bila yeye. Nikavumilia dakika chache. Kisha nikauzima wali ukiwa nusu, nikamwambia, "Mama, chomeka."