Mikono ya Yesu wa Vannuccio

Shemeji yangu Vannuccio alijua kuchonga kabla hajajua kunyamaza. Baba yake alikuwa seremala wa mapipa hapa mjini kwetu, kusini mwa Siena. Vannuccio akaenda kujifunza kwa mchoraji, akarudi na kazi mbili: patasi na brashi. Maseremala wakamwita mchoraji, wachoraji wakamwita seremala. Mdogo wangu Lapa akamwita mume, nami nikapata mtu wa kunimalizia maharagwe.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa sanamu ya mbao, Yesu wa Ijumaa Kuu, mwenye bawaba mabegani, ili akishushwa msalabani mikono ikunjike, alazwe kaburini. Maungio aliyafunika kwa chokaa na rangi. Yesu alipendeza, mpaka waliposhika kumshusha. Chokaa ikapasuka, mkono ukafyatuka, ukamzaba padri kofi. Kanisa zima likacheka, siku ya kulia.

Toka hapo hakupita sokoni kwa amani.

"Fundi, habari za kofi?" Bindo seremala alimuuliza kila akimwona. "Huyo Yesu wako ameshasamehe, au bado anapiga?"

Wakubwa wa kanisa walitaka kuagiza sanamu nyingine Siena. Vannuccio akawaomba Ijumaa Kuu moja zaidi. Wakakubali kwa sharti: akiharibu tena, hashiki brashi wala patasi hapa mjini.

Majira yote ya baridi alihangaika na mabega yale. Alijaribu kuyafunika kwa kitambaa, kikakunjamana. Siku moja akanikuta nachuna mwanambuzi wa Noeli. Akaishika ngozi, akaikunja, akaikunjua.

"Shemeji, nipe hii."

"Na nyama?"

"Nyama kuleni."

"Basi unaumwa wewe. Kalale."

Akailainisha, akamvisha Yesu mabegani. Rangi ya kwanza ikapasuka. Ya pili ikabanduka.

"Unaipaka nene kama jibini," Lapa akamwambia. "Ingekuwa mimi ningepasuka pia."

Akaanza kupaka nyembamba, kiini cha yai na mafuta kidogo ya kitani, tabaka juu ya tabaka, mpaka usijue mbao inaishia wapi.

Ijumaa Kuu kanisa lilifurika. Wengi, nisiseme uongo, walikuja kungoja kofi la pili. Bindo alijipanga mbele. Padri alisimama mbali kidogo. Wakang'oa misumari. Mkono wa kulia ukashuka taratibu, ukalala ubavuni kama wa mtu aliyekata roho asubuhi ile. Wa kushoto ukafuata. Hapakupasuka kitu. Mama mmoja akaangua kilio kama kafiwa na mwanawe, na kanisa zima likampokea. Nikalia hata mimi, ambaye kitunguu hakiniwezi. Bindo alikuwa amepiga magoti, kofia kifuani.

Mlangoni akamngojea Vannuccio. "Fundi," akasema, akakwama.

"Malizia."

"Nimemaliza. Fundi."

Kabla ya mavuno, miji ya jirani ilikuwa inagombania zamu ya kuchongewa Yesu kama yule, na wakubwa wale wale wakampa ukuta mzima wa madhabahu auchore. Vannuccio amechonga na kuchora mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na Yesu wake bado anashushwa kila mwaka. Wanaume wanasukumana kugombea nafasi ya kumpokea mikononi.