Nilivyoharibu kipimo cha ngozi cha mama mkwe kwa formalini

Wakuu, sogeeni mnisikilize kidogo. Haya yalinitokea mwenyewe miaka ya tisini, na kosa lililomo humu ni langu.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia Sengerema. Mama mkwe, muuza samaki wa Igogo, Mwanza, alivuka ziwa kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Akafika na malengelenge makubwa mikononi na mapajani, yanawasha vibaya.

Hakumshika mtoto. Alikaa mlangoni, mikono ndani ya kitenge. "Nisije nikamwambukiza."

Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona, tukajaribu marhamu za kila rangi. Wapi.

Tukaishia hospitali pale pale Sengerema, daktari akatueleza taratibu: kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia ngozi yake yenyewe, na kuyatofautisha kwa macho ni kazi. Akakata vipande viwili vidogo vya ngozi. Kimoja ukingoni mwa lengelenge, kingine kwenye ngozi nzima jirani yake.

"Mbona unakata pazuri?" mama akauliza.

"Kwenye lengelenge ushahidi umeshaharibika, mama. Hapa pembeni bado upo."

Kipande hicho cha pili kingeenda nje ya nchi, kipakwe rangi inayong'aa, kitazamwe kwa hadubini maalumu. Ndiyo wanaita immunofluorescence. Kinga ikiwa imenasa kuzunguka seli, unaona wavu wa kijani. Ikiwa imenasa chini ya tabaka la juu la ngozi, unaona mstari, kama mshipi wa kuvulia.

Mama akacheka. "Wavu na mshipi nimekua navyo. Na kama sangara wanapanda ndege kwenda Ulaya, ngozi yangu ina nini?"

Nikapewa chupa mbili zenye vipande hivyo nizivushe hadi Mwanza.

Nikaangalia ile ya pili, naona maji tu. Mimi niliyehifadhi vyura na samaki kwenye formalini miaka yote, nikaona daktari kasahau. Nikapita maabara ya shule, nikamwaga yale maji, nikajaza formalini. Nikajisifu kabisa.

Wiki kadhaa baadaye, majibu ya chupa hiyo: giza tupu. Formalini huharibu kile kile kinachotakiwa king'ae. Yale "maji" yalikuwa dawa maalumu ya kukitunza.

Nilimwambia mama mwenyewe, nimeinamisha kichwa.

"Kwa hiyo mkwe umenifanya kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi," akasema. Kisha akatoa mkono mwingine. "Twende wakate tena. Ila chupa abebe mke wako."

Safari hii ulionekana mshipi, umenyooka. Ugonjwa unaitwa pemfigoidi, huwapata zaidi wazee, na una vidonge vyake.

Daktari alipofika kwenye neno "hauambukizi", mama hakusubiri mengine. Akamnyooshea mke wangu, aliyembeba mtoto, mikono yake, bandeji na yote.

"Nipe mtu wangu."

Nilichojifunza: ujuzi wa nusu una haraka kuliko ujinga. Aliyeuguza mtu wa malengelenge aandike hapa chini, wengine wapate pa kuanzia.

Na ukikabidhiwa chupa ya kipimo, usimwage wala kuongeza kitu. Ifikishe kama ulivyopewa.