Nduru ya Mama Tsunami

Jua la saa nne limewaka vizuri Usenge, kando ya ziwa, na Caren Akello anageuza dagaa aina ya omena zilizoanikwa juu ya wavu. Kila mara anainua uso kutazama mawingu. Hiyo ni kazi yake ya pili, isiyo na malipo: akiona mvua inakuja anapiga nduru, na wanawake wote wa ufuo wanakunja nyavu zao.

Siku hizi, hata hivyo, wengine hucheka kwanza.

"Wananiita Mama Tsunami," anasema. "Hata mtoto wa nasari anajua hiyo jina."

Yalianza mwaka jana. Caren alitazama video kwenye simu, akasikia kwamba bahari hurudi nyuma kabla ya tsunami kuvamia. Kesho yake upepo mkali kutoka nchi kavu ukasukuma maji ya ziwa, ufuo ukabaki tope tupu. Akapiga nduru kwamba tsunami inakuja. Watu wakakimbilia mlimani, watoto mgongoni. Tsunami haikuja. Ilikuja mvua ya kawaida kabisa, ikaozesha omena za kila mtu, zake zikiwemo.

Kwa aibu, alimwendea Mwalimu Wepukhulu, anayefundisha jiografia.

"Nilimwambia, Mwalimu, hii kitu inaanzia wapi, ndiyo nijue kama itatupata."

Mwalimu alitandaza mikeka miwili mchangani, akausukuma mmoja chini ya mwingine. Ukingo wa ule wa juu ukanasa, ukapinda, kisha ukafyatuka na kurusha mchanga. Ndivyo ilivyo chini ya bahari, alieleza, pale bamba moja la ardhi linapozama chini ya jingine: la juu likifyatuka, sakafu ya bahari huinuka ghafla na maji huinuka nayo. Mipaka kama hiyo iko Japani, iko Indonesia. Chini ya ziwa hili hakuna.

Caren alielewa, lakini jina lilishamganda. Mwezi uliopita alipiga nduru, wenzake wakakaa tu, na mvua ikawalowesha.

Sasa anasimama tena. Wingu jeusi limechungulia nyuma ya mlima. Anapiga nduru.

"Ni mvua ama ni tsunami?" anauliza jirani yake, Winny, akiwa amekaa.

"Ni mvua, Winny! Tsunami iko Japani!"

Winny anaangua kicheko, lakini mikono yake tayari inakunja wavu. Wengine wanamfuata.

"Wacheke tu," anasema Caren, akifunika gunia la mwisho. "Mimi nataka wainuke."

Tone la kwanza linaangukia mchanga mtupu.