Walinihesabia Barabara

Simu ilipigwa asubuhi duka la jirani, Kariakoo, nami nafungua robota la mitumba. Alikuwa mdogo wangu, anapiga kutoka posta ya Lindi. "Dada, mama hali yake si nzuri. Jitahidi uje." Nikafungua mdomo nimwambie nakuja na ndege, laini ikakatika. Nilipiga kelele kwenye simu mpaka mwenye duka akaninyang'anya.

Kwetu Milola kifo hakipigiwi simu. Mtu huambiwa mgonjwa kazidiwa, aje, yaliyobaki atayaelewa njiani. Nilijua hivyo, na bado nikabishana na nafsi yangu: jamani, huenda kazidiwa kweli! Nilitaka jambo moja tu. Kama yu hai, nimkute. Kama hayupo, nimwone uso kabla hajafukiwa.

Ilikuwa masika. Kwa basi, Dar mpaka Lindi ilikuwa safari ya kulala njiani: matope ya Kibiti, foleni ya pantoni ya Rufiji pale Ndundu, kisha matope tena mpaka Somanga. Lakini serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na vindege vya watu binafsi vilianza kwenda kusini. Nikauliza ni mwendo wa muda gani. "Saa moja na ushei," akasema binti wa tiketi. Nikautoa mtaji wangu bila kuomba kupunguziwa, mimi ninayebishania hata fungu la mchicha.

Ndani ya ndege tuligawiwa peremende. Sikuila. Nilimwekea mama pindoni mwa kanga, apate kuamini kwamba nimepanda. Rufiji, mto uliokuwa ukitulaza ng'ambo na watoto mgongoni, tuliuvuka kabla sijamaliza Ayatul Kursiy.

Tulitua Lindi jua halijafika utosini. Alhamdulillahi, nikasema, nimewahi. Nikakodi Landrova.

Wee! Njia ya Milola ilikuwa uji. Tukakwama, tukasukuma, tukakwama tena. Adhuhuri ilitukuta palepale kwenye tope. "Subira, mama," dereva akasema. "Subira yako kampe mkeo!" Nilivua viatu, nikavunja matawi na kuyasukumiza chini ya tairi, nalia huku natukana. Dar ilikuwa imeshakuwa karibu, na kwetu ndiko kulikokuwa mbali.

Tulifika alasiri. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, kanga vichwani. Waliponiona hawakulia, walitazamana. Nikaelewa. Na kabla sijauliza neno, wanaume wakatokea upande wa makaburini, majembe mabegani, udongo bado mbichi.

Mdogo wangu alidondosha jembe lake. "Dada! Umefikaje leo?"

"Kwa ndege! Mlikuwa na haraka gani? Mama yangu mnamfukia kama sina miguu?"

Mjomba, kaka yake mama, akaja akanishika bega. Nilikuwa hata shikamoo sijampa.

"Mwanangu," akasema, "mvua hizi, na Ndundu ile, aliyeko Dar hangojewi. Ndivyo tulivyozika miaka yote. Tungejua unakuja na ndege tungekungoja mpaka magharibi. Sisi tulikuhesabia barabara."

Mimi na mdomo wangu wote, nilifungua tu pindo la kanga, nikamwonyesha ile peremende ya mama.