Selo Iliyoleta Majamvi

Ukiniuliza uanze na rekodi gani ya selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji hukaa akaiegemeza kifuani, nitakwambia anza na ya yule mzee anayepiga peke yake. Ni ya zamani, inakwaruza, na pumzi zake zinasikika. Wajuzi watakwambia ziko zilizo safi zaidi. Waache na usafi wao.

Niliipeleka Msimbu, kwa baba, mwaka ambao hakuweza tena kuinuka kitandani. Mimi ni karani Kibaha, na kila Jumamosi nilikwenda kumwogesha na kumpikia. Nilikuwa na redio ndogo ya kuchomeka flashi. Asubuhi moja nikafungua madirisha, nikaweka selo, nikaongeza sauti.

Nilisahau jambo moja. Kwetu, muziki wa taratibu usio na maneno tumeuzoea redioni siku anapofariki kiongozi mkubwa. Majirani wakajumlisha wenyewe. Haikupita nusu saa, wanawake wakaingia uani wamejitanda kanga, na wanaume wawili nyuma yao wamebeba majamvi. Shangazi, mdogo wake baba, alianza kulia tangu njiani.

"Zima hilo dude," kaka yangu mkubwa, aliyeingia pamoja nao, akanifokea. "Unamwitia baba kifo."

Nikakataa. Nilikuwa na hasira, na sioni haya kuisema: mwezi mzima hakuna aliyekuja kumjulia hali, leo wamekuja mbio kumzika. Kaka alipoinyoshea redio mkono, nilisimama mbele yake.

"Kafa nani?" baba akauliza kutoka chumbani.

Shangazi akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akasogea mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tandikeni hayo majamvi, mkae. Na wewe mwanangu, niwekee yule binti mwenye hasira."

Hiyo ndiyo rekodi ya pili ninayokupendekezea: mwanamke kijana mbele ya okestra nzima, anapiga kama anadai haki yake. Baba aliipenda kuliko zote. Wakakaa, wakaisikiliza mpaka mwisho, kaka naye akiwa amenuna.

Baba alifariki kweli baada ya mavuno. Majamvi yalikuwa yaleyale. Shangazi akaninong'oneza, mbona siuweki ule muziki.

Nikamwambia ule haukuwa wa msiba.