Simu ya Dukani Ikilia Mara Mbili

Enzi zetu simu haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mtaa. Pale Ngokolo tulikuwa na moja tu, nyeusi, nzito, imekaa juu ya kaunta ya duka la Baba Zainabu, Mhindi mwenye ndevu za hina aliyejua Kisukuma kutushinda sisi wenyewe. Haikuwa na mlio wa kuchagua. Ililia kriii, basi, na sisi tuliokuwa tunacheza rede vumbini tukasimama kuhesabu.

Ndiyo, kuhesabu. Waume wa mtaa, baba yangu mmoja wao, walikuwa Geita wakichimba dhahabu, na Jumamosi walipanda malori kwenda posta ya mjini kupiga simu. Baba Zainabu alichoka kutuma watu nyumba hadi nyumba, akampa kila mmoja idadi yake: iache ilie mara hizo, kata, kisha piga tena. Ya Mama Doto ilikuwa mara tatu, yetu mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa milio yetu maalumu, na hakuna aliyehitaji kitabu cha maelekezo.

Nyumba yetu na duka vilitenganishwa na ukuta mmoja. Mama yangu, tuliyemwita mayu kama Wasukuma wote, akisikia mbili aliacha ugali jikoni, akajifunga khanga huku anakimbia. Mimi nyuma yake. Kutulia sijawahi kujua. "Kabula, wewe una siafu kwenye sketi," alizoea kuniambia.

Mwaka mmoja masika yalikuwa makali, habari zikafika kwamba shimo limeporomoka huko machimboni. Shimo la nani, wamekufa wangapi, hakuna aliyejua. Jumamosi ya kwanza, kimya. Ya pili Mama Doto akapata tatu zake, lakini mumewe alikuwa upande mwingine, hakujua lolote. Mayu akaacha kuimba wakati wa kutwanga. Tulikula michembe, vile viazi vikavu, na mimi nikawa natoka na kuingia, natoka na kuingia, mpaka mlango ukachoka.

Jumamosi ya tatu nikashindwa. Ukutani mwa duka kulikuwa na baiskeli ya mteja, na kengele yake ililia kama simu ile ile. Nikaipiga mara mbili. Sikuwa na nia mbaya, jamani, nilitaka tu kumwona mayu na uso wake wa Jumamosi. Akatoka mbio, unga mpaka kwenye viwiko. Baba Zainabu akatikisa kichwa, "Mama Kabula, simu haijalia." Mayu akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Baadaye Baba Zainabu akaenda msikitini kwa alasiri, duka akamwachia Zainabu, bintiye, mwenzangu katika kila utundu. Simu ikalia mara mbili, ikakatika.

"Mayu, mbili!" nikapiga kelele kutoka barazani pa duka.

"Acha, Kabula."

"Mama Kabula, ni kweli!" Zainabu naye akaita.

"Na wewe Zainabu, acha."

Ikalia tena, ndefu. Nikainua mkonga mwenyewe. Ilikuwa sauti ya baba, mbali, na mikwaruzo mingi. Akauliza mayu yuko wapi. Nikasema anakuja. Nikaita, nikaita, hakuja. "Mwambie mimi mzima," akasema. "Tunahamia shimo la mbali, sitapiga tena mpaka nirudi." Ikakatika.

Nilipompelekea mayu ujumbe alikaa chini pale pale. Kisha akaanza kuuliza, siku baada ya siku. Sauti yake ilikuwaje? Alikohoa? Alicheka? Nilimjibu, na nilimwona akitaka kuniamini na akishindwa, kwa sababu anayedanganya kwa kengele hashindwi kudanganya kwa mdomo. Baba alirudi wakati wa kuvuna pamba, mzima kabisa. Lakini miezi ile yote mayu aliishi bila kujua kama ana mume, na aliyemfanyia hivyo ni mimi.

Siku hizi mwanangu ana milio arobaini. Kwenye simu yangu aliingia kwenye mipangilio, akagusa sauti, kazi ikaisha. Yake ya bei mbaya ilimtaka kompyuta, akahangaika mchana kutwa kuweka wimbo mmoja. Kila rafiki ana wa kwake, na ukilia anaitazama simu, anasema, "Nitampigia baadaye." Mtoto, mlio wa nini kama hukimbii?

Juzi juzi alimnunulia bibi yake simu kama hizo, akamuuliza kila mtoto wake awekewe mlio gani. Mayu hakufikiri mara mbili. "Kabula mwekee kengele ya baiskeli." Tulicheka sana, hata mimi nilicheka.

Sasa kila nikimpigia Ngokolo inaita mpaka inakaribia kukatika, na mimi nazunguka sebuleni, siwezi kukaa. Mwishowe anapokea, anahema kidogo.

"Shikamoo mayu. Mbona umechelewa?"

"Marahaba, mwanangu. Nilitoka nje kwanza kuangalia kama kuna baiskeli."